Utomvu wa Papai na Soya za Mbugani

Nilipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na sikuwa na haraka ya kuolewa, jambo lililomkera baba na kumfurahisha mama kimyakimya. Maabara ilikuwa chumba kimoja tu chenye madirisha ya wavu, meza mbili, jiko la mafuta ya taa na kabati lililofungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lilikuwa limepotea.

Mkuu wangu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, aliyesomea magonjwa ya mimea ng'ambo. Sote tulimwita Mtaalamu. Wasukuma wenzangu walimcheka kidogo kwa Kiswahili chake cha pwani, naye alitucheka kwa chetu, na siku zikaenda vizuri.

Soya lilikuwa zao geni kwetu. Kliniki zilitaka unga wake kwa ajili ya uji wa watoto, nasi tulitakiwa kuona kama lingekubali udongo mweusi wa mbugani. Lilikubali mpaka mvua zilipokolea. Maji yakituama siku mbili tatu, mashina yaligeuka rangi ya kahawia kuanzia chini, majani yakanyauka, na mstari mzima ukalala. Mtaalamu alimkamata mkosaji: kuvu anayeogelea kwenye maji ya udongo na kuingia mizizini. Akamfuga kwenye chupa kama mtu anavyofuga kuku.

Asubuhi moja aliniita niweke sufuria chini nikaone kitu. Alikuwa amechuja maji ya chupa ile mara kadhaa, hakubaki kuvu hata mmoja hai. Akachukua mche mchanga wa soya, akakata kwa wembe zile nusu mbili nene za mbegu, akazilaza kwenye sahani, akadondoshea nusu moja maji yale na nyingine maji matupu. Kesho yake nusu ya kwanza ilikuwa nyekundu kama kutu pale penye tone. Ya pili ilibaki vilevile.

Nikamwambia, "Maskini, imeugua." Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ule wekundu ni dawa ambayo mmea wenyewe umeitengeneza. Kuvu hakuwapo, ila kulikuwa na kitu chake ndani ya maji, na mmea ulipokigusa ulidhani adui amefika, ukajihami. Nilikaa nimeinamia sahani ile muda mrefu. Tangu utotoni nimepalilia mashamba, na sikuwahi kufikiri kwamba mmea unaweza kumtambua mtu au kitu.

Alichotaka kujua ni hicho kitu ni nini. Alihisi ni protini, namna ileile ya kitu kilichomo kwenye nyama na ute wa yai, lakini kuhisi hakutoshi. Alihitaji dawa ya maabara inayosaga protini na kuacha mengine. Alikuwa ameiagiza ng'ambo, na miezi ilipita bila jibu. Kila barua za posta zilipofika aliinuka, kisha akakaa tena.

Mwisho wa wiki nilikwenda nyumbani Kagongwa. Nilimkuta mama uani, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikakaa kumsaidia. Baba alikuwa amechinja ng'ombe mzee, nyama yake ngumu kama mkanda. Mama akachanja papai bichi, akakinga utomvu mweupe uliodondoka, akaupaka kwenye nyama. Ujuzi huo alifundishwa na jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa Kiislamu aliyetoka pwani. Ilipoiva, nyama ililainika kama ya ndama. Nilikuwa natafuna, mara nikaacha kutafuna. Mama akaniuliza kama nimeuma mfupa.

Jumatatu nilimwamkia Mtaalamu shikamoo, akaitikia marahaba, na nikabaki nimesimama. Niliogopa kuonekana mjinga.

"Mtaalamu," nikasema mwishowe, "papai linalainisha nyama. Si ndiyo kusema linasaga protini?"

Akavua miwani.

"Binti," akasema, "mimi nimekulia kwenye mipapai, na sikuliwaza hilo. Twende tukatafute bichi."

Tulipanga sahani zenye nusu za mbegu katika safu tatu. Ya kwanza tuliitia maji ya kuvu peke yake, ya pili utomvu uliozimuliwa kwa maji peke yake, na ya tatu maji ya kuvu yaliyokaa na utomvu tangu asubuhi. Siku iliyofuata safu ya kwanza ilikuwa nyekundu. Mbili nyingine zilikuwa zimebaki na rangi yake. Papai lilikuwa limekula kile kitu, na mmea haukuona adui yeyote. Mtaalamu hakuruka wala kupiga kelele. Alisema turudie. Tulirudia mara tatu, na kila mara ikawa vilevile, ndipo akanipa daftari la maabara niandike matokeo kwa mkono wangu mwenyewe.

Hatukupata dawa ya kunyunyizia. Tulichopata ni njia ya kuchagua mbegu: tulidondoshea tone aina zote za soya tulizokuwa nazo, tukachagua zile zilizogeuka nyekundu upesi, yaani zilizomtambua adui mapema. Msimu uliofuata tulizipanda mbugani juu ya matuta. Mvua ilikuja kubwa, maji yakasimama. Mashina machache yalianguka. Mengine yalisimama mpaka yakabeba maganda.

Tulivuna magunia, mengine yakapelekwa kliniki. Mtaalamu aliniombea nafasi ya kusomea cheti cha maabara, nikaenda mwaka mzima. Niliporudi nilikuta wameajiri dada mwingine wa kuosha vyombo, na kabati limepata kufuli jipya. Mtaalamu alinikabidhi ufunguo, akaniuliza safari ilikuwaje, kisha akanionyesha chupa mpya zilizonisubiri mezani.