Na Mashine ya Kuzibua Mabomba hadi Kadutu, Siku ya Dote

Safari hii ilitokana na mgongo wa Tonton Déo. Yeye ndiye mwenye mashine ya umeme ya kuzibua mabomba, na mimi, mpwa wake, humsaidia tangu nimalize chuo kikuu, huku nikingoja kazi ya ofisini ambayo siku hizi sina hakika kama naitaka. Jumamosi hiyo mgongo ulimlaza kitandani, na Maman Faida wa Kadutu alikuwa haachi kupiga simu. Mchana wakwe wangefika kwake kutoa dote, yaani mahari ya binti yake, na bomba la choo lilikuwa limeziba hadi maji machafu yanarudi uani.

"Bakwe bakikuta ile harufu," aliniambia, "batauliza kama mutoto naye hajui kufagia."

Asubuhi nilitoka mtaani kwetu Nguba kwa pikipiki, mashine imefungwa nyuma yangu kwa kamba za mpira. Ni ngoma ya chuma yenye waya mrefu ndani, uliosokotwa kama springi, na kando yake kuna mota. Dereva alidhani ni ya kusaga muhogo. Nilipomweleza kazi yake, akataka kujua nilisoma nini. Nikamwambia économie.

"Basi université inafundisha na kuzibua choo," alisema. "Ile ni maendeleo."

Kwenye soko la Kadutu pikipiki ilifika mwisho wake. Kutoka hapo ni vijia vya kuteremka tu, katikati ya nyumba ambazo paa la mmoja liko sawa na kizingiti cha jirani wa juu. Mbebaji wa sokoni alijitwika mashine kichwani, nami nikamfuata nikishika kuta, nikijiuliza ni nani alianza kujenga mahali hapa, na kwa nini wa pili alimfuata.

Nyumbani kwake, Maman Faida, aliyekuwa akikaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, alitupokea na mwiko mkononi, kitenge kipya mwilini. Alichungulia nyuma yangu.

"Fundi iko wapi?"

"Ni mimi, Maman."

"Tonton yako alisema anatuma fundi."

"Alinituma mimi. Kama ni fundi, tutajua kisha."

Kabla ya kuwasha chochote kuna desturi ya mtelemko ule. Bomba moja linahudumia nyumba nyingi, na Jumamosi ni siku ya kufua. Maman Faida alisimama ukutani akaita juu: "Maji isishuke!" Mwanamke wa nyumba ya pili alilirudisha neno kwa wa tatu, likapanda hivyo hadi sikulisikia tena. Sikuamini kama kuna mtu atatii. Nikaondoa kifuniko cha shimo la bomba na kutega sikio. Hata tone halikupita.

Nilichomeka mashine, nikakanyaga pedali yake. Mota ilinguruma, ngoma haikusogea. Watu wa nyumbani walisema courant, yaani umeme, ni kidogo. Hilo ndilo jibu la kila kitu mjini kwetu, kwa hiyo sikulikubali. Nilichomeka taa kwenye waya uleule wa umeme, ikawaka vizuri. Nikachomoa mashine, nikazungusha ngoma kwa mkono. Ikazunguka bila shida. Mota ni nzima, ngoma haijakwama: ugonjwa uko katikati yao. Nilifungua kifuniko cha mkanda unaounganisha mota na ngoma. Mkanda ulikuwa unang'aa, mwekundu. Nikaunusa. Mawese.

Nilimpigia Tonton simu. Alieleza bila wasiwasi kwamba waya huupaka mafuta kila baada ya kazi usishike kutu, na mafuta yaliyopo ni ya jikoni.

"Na mkanda?"

"Naye minamupakaa kidogo, asikauke."

Nilimwuliza mkanda wenye mafuta utaishikaje ngoma. Akasema siku zote umeshika. Kisha akarudi kwenye habari za mgongo wake.

Nilichota maji ya moto kwenye sufuria ya fufu, ugali wetu, nikaosha mkanda na magurudumu yake kwa sabuni, nikakausha kwa kitambaa. Nikalegeza nati za mota, nikaisukuma nyuma mpaka mkanda ukabonyea kidogo tu chini ya kidole gumba, nikakaza. Wakati huo sauti za majirani wa juu zilikuwa zimeanza.

"Nyie ba chini! Mutamaliza mbele ya Noeli?"

Safari hii ngoma ilizunguka. Nilivaa glavu za ngozi, maana za kitambaa hunaswa, nikausukuma waya polepole. Waya ukianza kujipinda nje ya bomba, unatoa mguu kwenye pedali mara moja. Mimi hubishana na kila kitu, lakini si na waya ule. Mbele kidogo ulishika kitu. Niliuzungusha kinyume, nikavuta, na likatoka gunia la unga lililosokotana na nywele za kusukia. Ni za nani? Mlima mzima ulikana.

Sasa yalihitajika maji ya kusukuma uchafu uliobaki, na robine, yaani mfereji wa maji safi, ilikuwa kavu. Nilitazama juu.

"Maman, waambie bashushe."

"Yote?"

"Yote."

Aliita, na mabeseni ya kufulia ya mtelemko mzima yakamwagwa pamoja. Bomba lilivuma, povu likapita mbio chini ya shimo, na uani halikurudi tone. Maman Faida alinikumbatia na uchafu wangu wote, kitenge kipya kikiwa shahidi.

Kabla ya kuondoka niliusuuza waya, nikauanika juani, kisha nikaupaka mafuta ya mashine kutoka kwa fundi wa pikipiki jirani. Nimejifunza kwamba mkanda hauna kiu, na kwamba kwenye mlima mtu huanza kwa kuwauliza walio juu.

Njiani kurudi, kwenye kijia chembamba, nilikutana na msafara wa suti na vitenge. Mzee aliyetangulia aliniuliza nyumba ya Maman Faida, kisha akaitazama mashine, akatazama na nguo zangu.

"Kule chini kuna shida?"

"Hapana, Papa. Fuata harufu tu."

Alisimama. "Harufu ya nini?"

"Ya sambaza. Wamekaanga nyingi."

Akanyoosha tai yake, akaongeza mwendo, na ukoo wote ukamfuata.