Herufi Iliyobaki Mfukoni

Miaka kumi na tisa alipiga picha za eksirei za meno na mataya hospitalini, na kwa kila mgonjwa neno lake lilikuwa moja: "Tulia." Basi wakambandika jina, Mama Tulia. Kabla ya kila picha hubandika kiherufi cha madini ya risasi upande wa kulia wa kasha la filamu, maana picha ya taya isiyo na alama, ukiigeuza nyuma mbele, inakutazama vilevile wala haikwambii kulia ni wapi.

Asubuhi hiyo akaja wifi yake, dada wa mumewe, kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jino gani, wifi?"

"Ningelijua ningekuja kwako? Kichwa kizima kinawaka. Au ni yale maneno yako ya utani ya jana?"

"Maneno yangu hayatoboi meno. Shukuru sukari yako. Haya, tulia."

"Nitulie vipi nawe unanichekesha!"

Wakacheka mpaka machozi. Picha ikapigwa, ikasafishwa, ikapelekwa kwa daktari. Jino bovu lilionekana wazi, la mwisho kabisa kule nyuma.

Mama Tulia akarudi kupangusa mashine. Akatia mkono mfukoni atoe kitambaa, vidole vikagusa kitu kidogo, cha baridi. Kiherufi.

Damu ilimwisha mwilini. Mungu wangu! Akatimua mbio ukumbini hadi chumba cha daktari, kiatu kimoja kikabaki njiani, wagonjwa wakampisha wakidhani kuna moto.

"Daktari, acha! Achia jino!"

Koleo lilikuwa limeshalikamata, upande wa kushoto. Daktari akaganda.

"Kuna nini, mama?"

"Sikuweka alama. Kosa ni langu. Huenda picha imekaa kinyume."

Daktari akalegeza koleo taratibu. Akaigeuza picha kwenye taa, akaigeuza tena, jasho likimchuruzika. Ikapigwa nyingine, yenye alama, nayo haikuacha ubishi: bovu lilikuwa la kulia.

Wifi, shavu limekufa ganzi, alimkodolea Mama Tulia macho.

"Langu zima... lipo?"

"Lipo, wifi. Limecheza kidogo, lakini lipo. Nisamehe."

Daktari alipochoma sindano ya pili, upande wa kulia, wifi alinyoosha mkono akaukamata wa Mama Tulia, akaubana mpaka kucha zikazama. Mama Tulia hakuutoa. Alisimama na kiatu kimoja, akimwomba Mungu kimyakimya.