Mwanamke Aliyemsifu Fundi Redio

Mume wangu alikuwa fundi redio hodari, lakini kutafuta wateja aliona aibu. "Kazi itajitangaza yenyewe," aliniambia tulipohama Uyole na kupanga kibanda Kihesa. Itajitangaza kwa nani, jamani? Kutwa anakaa nyuma ya meza, mikono kifuani, na kaka yake kule Usangu ameshasema: mambo yakigoma, baada ya mavuno anakuja kutuchukua tukachunge ng'ombe. Mimi nikaishi Usangu? Thubutu!

Kukaa tu kulinishinda. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ambako hakuna aliyenijua, nikawa nasema kama mtu anayepiga soga: "Redio yetu ilikuwa inakoroma, tukadhani ndiyo basi. Kuna fundi pale Kihesa, weee, kaifufua!" Uongo uko wapi hapo? Redio ilikuwa yetu kweli. Nikishasaga sirudi nyumbani, nazunguka mitaani na debe langu la unga nikitega sikio madirishani. Nikisikia redio inakwaruza, napiga hodi. Wengine walinikaribisha, wengine wakanifukuza. Mzee mmoja alidhani nimetumwa na serikali kukagua redio za watu, akaificha yake chini ya kitanda huku bado inaimba.

Wateja wakaanza kuja, na karibu kila mmoja alimwambia mume wangu kuna mama fulani anamsifu. Naye akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi na kupiga pasi shati. "Kuna mwanamke mji huu anaijua kazi yangu," ananiambia tukila, macho mlangoni. Nikimwambia ni mimi, kwa kiburi chake atafunga kibanda siku hiyohiyo. Nikanyamaza huku wivu unanichoma. Wivu wa nani sasa? Hata usingizi nikakosa.

Baada ya mavuno kaka yake akafika kweli. "Haya, fungeni mizigo."

"Siwezi, kaka," mume wangu akasema. "Hapa kuna mtu anayeniamini."

Moyo ukanipasuka kwa furaha: hatuendi! Kaka yake akanigeukia, anacheka. "Hongera shemeji. Kumbe ni wewe unayempa moyo."

"Huyu?" mume wangu akamkatiza. "Huyu hajawahi hata siku moja kuniambia nafanya kazi nzuri."

Roho iliniuma, maana alisema kweli.