Moyo wa Profesa Uko Kwenye Kompyuta

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, ila kwenye kituo cha afya walimwita Profesa. Shule yenyewe aliishia njiani. Uprofesa ulikuwa kifuani: vali moja ya moyo wake haikufunga vizuri, na kila pigo lilivuma mvumo ambao madaktari wanaosomea tiba ya familia hawana budi kuujua. Basi kila Jumanne, miaka tisa, alikaa ukingoni mwa kitanda, kifua wazi, madaktari sita wakapokezana kumsikiliza.

"Mnasikia nini?" aliwauliza mwalimu wao, mama mmoja mkali, hana mchezo. Akitokea wa kubabaisha, mume wangu alitikisa kichwa hata kabla ya mwalimu. Akirudi nyumbani ni majigambo tu.

"Leo nimefelisha wawili!"

"Hebu vaa shati, Profesa, uje ule."

Darasa likiisha, mwalimu alimsikiliza mwenyewe, akambonyeza miguu, akambadilishia dawa ikibidi. Matibabu yake yote yalikuwa hayo. Sisi tulidhani ni heshima tu anapewa.

Halafu mafunzo yakabadilishwa: nusu kwenye kompyuta, nusu wodini. Wakamrekodi moyo asubuhi nzima, wakampigia makofi. "Sasa pumzika, mzee," mwalimu akamwambia. "Moyo wako tunao humu. Watausikiliza kila siku, popote walipo." Mwaka haukuisha, mwalimu akastaafu, na hakuna aliyetuita tena.

Mume wangu hakununa. "Kila siku, mke wangu! Zamani ilikuwa Jumanne tu."

Mwaka wa tatu miguu ikaanza kuvimba. Nikamwambia twende kituoni.

"Kufanya nini? Moyo si wanao kule? Ungeharibika wangeshanipigia."

"Watajuaje, wamekuwa wapiga ramli?"

"Wewe na madaktari, nani anajua?"

Na mimi, mjinga mimi, nikakubali, kwa sababu niliamini. Nilidhani mashine ile imeshikana naye kwa namna fulani, kama simu. Nikamkatia viatu kisigino miguu ipate kuingia. Yeye simu yake hakuiacha ikae bila chaji, aliiweka pale pale mezani kwa cherehani, asije akakosa kuisikia.

Siku aliyokosa pumzi ya kukanyaga cherehani, sikumuuliza. Nilimwita shemeji, tukambeba.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti mdogo, bado yuko mafunzoni. Alimwekea kifaa kifuani, mara akatabasamu. "Ni wewe, mzee? Mimi nimejifunzia kwako!" Akaendelea kusikiliza, na tabasamu likamtoka. Akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mara ya mwisho kusikilizwa ni lini?"

"Si mnanisikiliza kila siku?" mume wangu akasema.

Binti akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mzee, ile ni sauti ya miaka mitatu iliyopita. Haibadiliki."

"Kumbe," akasema. Akaanza kufunga vifungo vya shati, akavikosea vyote. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Walimlaza, wakahangaika naye, lakini tulikuwa tumechelewa mno. Siku ya tisa akafariki.

Nilirudi kufuata karatasi zake. Nikamkuta yule binti kwenye chumba cha kompyuta, nikamwomba nisikie. Aliniketisha, akanivalisha hedifoni. Kwanza mtu akasafisha koo, kile kikohozi chake cha kutaka kujisifu. Kisha moyo: pigo, mvumo, pigo, mvumo. Ulikuwa na nguvu. Ulikuwa moyo wa mtu ambaye bado anaweza kutibiwa. Nililia bila aibu.

"Ni sekunde arobaini, mama," binti akasema. "Halafu inaanza upya."

Nilitaka kumtukana mtu, nikakosa wa kumtukana. Mlangoni palikuwa na daktari mwingine, daftari mkononi, anasubiri zamu yake ya kusikiliza. Nikavua hedifoni, nikampisha kiti.