Njia Alizozichora Mama Ramani

Mama Ramani alichora njia za pwani nzima bila kupita hata moja. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka minne, na tangu hapo alitembea kwa gongo: kutoka nyumbani hadi ofisini kwetu, na kutoka ofisini hadi nyumbani, basi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, chenye meza mbili, kabati la bati na feni iliyolalamika kutwa. Meza moja ilikuwa yake, nyingine yangu. Kazi yetu ilikuwa kuwapeleka wageni kule ambako wageni hawaendi. Si fukwe zenye miavuli na muziki, bali mapango, chemchemi na vilima ambavyo hata wenyeji wengi hawakuvijua.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa macho yake. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, asiyetulia mahali, tukamwita Kiguu na Njia. Yeye ndiye aliyewaongoza wageni. Kila alipogundua mahali papya alikuja moja kwa moja, akavuta kiti, viatu vikiwa vimejaa tope la mikoko.

"Dada, andika."

"Vua viatu kwanza. Umeniletea nusu ya pwani humu ndani."

"Wewe andika bwana, usafi baadaye!"

Akamweleza bwawa la maji baridi lililo chini ya mwamba wa matumbawe, hatua sabini kwenda chini, ambako jua huingia adhuhuri tu kupitia tundu la juu. Akamweleza fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kumezwa tena baada ya saa tatu. Mama Ramani alimuuliza mambo ambayo mimi nisingeyafikiria. Panatoa harufu gani? Ukinyamaza pale, unasikia nini? Kisha aliandika, akachora, nasi tukachapa vijitabu. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, umepaeleza kama mtu aliyezaliwa pale." Akacheka, akalisogeza gongo chini ya meza kwa mguu mzima.

Waliishi pamoja, dada na kaka, nyumba ya vyumba viwili yenye uzio wa mabati. Hakuolewa. Kaka naye hakuoa. "Nani atamtaka mume anayelala viatu miguuni?" alikuwa akisema.

Mwaka ule mvua zilipochelewa, Kiguu na Njia alikuja kutueleza lile bwawa la chini ya mwamba, kwa furaha ya mtu aliyeligundua jana. Kijitabu chake kilikuwa mezani, miaka tisa sasa. Mama Ramani hakumkatiza. Aliandika neno kwa neno, na mdogo wake alipoondoka akaikunja karatasi na kuitia mkobani.

"Amechoka tu," aliniambia kabla sijauliza.

Baadaye kidogo Kiguu na Njia akaniita kwa jina la mtu mwingine, mara mbili kwa siku moja, akafanya mzaha. Tukacheka wote watatu, na hakuna aliyekuwa na furaha. Kuanzia hapo Mama Ramani alimwandikia kila asubuhi kikaratasi cha kutia mfukoni: wageni wangapi, njia ipi, maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi. Mwenye ofisi hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilimpenda yule mzee na kwa sababu ilikuwa rahisi.

Siku ya fungu la mchanga alikuwa na wageni sita. Kikaratasi kilibaki kwenye shati jingine. Walionusurika walituambia kwamba aliwakalisha, akawasimulia hadithi moja tamu sana, na walipomwonyesha maji yanavyosogea alisema, "Hayo yanapwa, msiwe na wasiwasi." Mvuvi mmoja mwenye boti ya injini aliwaona maji yakiwa vifuani. Aliwaokoa wote isipokuwa bwana mmoja aliyekuwa amemshika mkewe mkono, wimbi likawatenganisha.

Mama Ramani alikwenda hospitali kumwona mjane. Nilimsindikiza. Alisimama mbele ya kitanda akiegemea gongo kwa mikono miwili.

"Nilijua kwamba ndugu yangu anasahau," alisema. "Nilijua tangu mwanzoni mwa mwaka. Nikaficha."

Mjane alimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

Mjane akageukia ukutani. Barua tatu alizoandikiwa baadaye hakuzijibu. Polisi walipokuja kuuliza, Mama Ramani aliwaambia yaleyale, na hakunitaja mimi hata kidogo. Daktari aliandika kwamba akili ya mzee ilikuwa imeanza kuondoka. Hakufungwa. Dada yake alifukuzwa kazi, akachukua vitu vyake vyote kwa safari moja.

Ndipo kufuli likaingia kwenye geti la ule uzio wa mabati.

"Nifanyeje?" aliniambia Jumapili moja nilipokwenda kuwaona. "Akitoka, mguu huu utamkimbiza nani?"

Mtu aliyezunguka pwani nzima kwa miguu sasa alizunguka ua wa hatua kumi na mbili. Kila asubuhi alivaa viatu, akapiga geti kwa kiganja. "Dada, fungua. Wageni wananisubiri." Dada alimjibu kila siku, bila kuchoka, kwamba wageni wameahirisha. Wakati mwingine alimlilia. Wakati mwingine, alikiri kwangu, alijifanya hasikii.

Siku moja Mama Ramani aliniomba nitafute gari twende kwenye lile bwawa. Alidhani mdogo wake akipaona akili itamrudia kidogo, hata kwa saa moja. Tulifika karibu na adhuhuri. Zile hatua sabini Mama Ramani alizishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine, gongo likining'inia shingoni, akikataa kubebwa. Nilimshika mzee mkono.

Jua liliingia kupitia tundu la juu, na maji yote yakawaka buluu. Mama Ramani alikaa kwenye jiwe la mwisho, akiwa hoi, gauni limechanika nyuma, akatazama. Sijawahi kumwona mtu akitazama namna ile.

"Mdogo wangu, unapakumbuka?"

Kiguu na Njia alirudi nyuma. Alinishika nguo kama mtoto. "Hapa ni wapi? Hapa sipajui. Nirudishe kwa dada yangu."

"Mimi ndiye dada yako."

Alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia. "Shikamoo mama," alisema. "Tafadhali, nataka kwenda nyumbani."

"Marahaba," akajibu Mama Ramani. Kisha akaniambia tumpandishe, maana mzee anaogopa.

Alifariki miezi mitano baadaye kwa homa ya mapafu, kitandani kwake, akiwa ameshikwa mkono na dada ambaye hakumjua. Tulipotoka kuzika, mwenye ofisi alimwambia kwamba meza yake bado iko, arudi akipenda. Alishukuru, akakataa. Sasa anashona sare za shule kwa cherehani ya mkono, na nikimtembelea tunazungumza habari za vitambaa.