Mtoto Anatambaa Wapi?

Mwanangu, naikumbuka vizuri ile Jumamosi mama yangu aliposimama kwenye mlango wa nyumba yangu Kawangware akakosa mahali pa kuweka mguu. Alikuwa ametoka Maragoli na basi la usiku, kikapu cha ndizi kichwani, kuku kwapani. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu kubwa, maana alikuwa hajawahi kuona nilivyojitengeneza Nairobi. Nikamwambia, "Mama, karibu, kaa pale." Akaangalia pale. Akaangalia kando ya pale. Akaniuliza atapita wapi.

Wacha nikueleze hiyo nyumba kwanza, maana nyinyi wa leo mmezoea vyumba vya kupanga na mlango wa choo ndani. Yetu ilikuwa chumba kimoja katika ploti ya udongo na mabati, sakafu ni udongo, kitanda nyuma ya pazia. Na mbele ya pazia, viti vyangu. Seti nzima, mwanangu. Kiti cha watu watatu, kiti cha watu wawili, viwili vya mtu mmoja mmoja, meza ya katikati, stuli, na kabati la kioo la kuwekea vikombe. Mbao ni saiprasi, nimezichagua mimi. Randa nimepiga mimi, sponji nimekata mimi, velveti nyekundu nimegongomea mimi. Mke wangu Rasoa alifuma vitambaa vyeupe, kila mahali pa kuegemea kichwa kina kitambaa chake.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Ufundi niliupata kwa kubeba mbao za wenye ufundi mpaka mabega yakafanya sugu. Kwa hivyo ukiniuliza kama naona aibu kwa kujaza nyumba viti, nakujibu hapana. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa duka langu. Kibanda changu cha kazi kilikuwa kando ya barabara, vumbi na mvua, na velveti huwezi kuiweka huko. Mteja akitaka kuona kazi, namleta nyumbani, anakaa, anabonyeza sponji, Rasoa anampa chai. Akitoka hapo ameshaagiza. Wageni wa nyumbani nao wakija, wanarudi wakisema yule kijana wa mzee fulani ana viti kama vya mzungu. Hayo nilipenda kuyasikia, sitakudanganya.

Sasa ndani ya hiyo nyumba alikuwepo mtoto wetu wa kwanza, msichana, tulimwita Kageha. Alikuwa anakaribia mwaka na alikuwa hatambai. Watoto wa rika lake pale plotini walikuwa wameshaanza zamani. Yule wa jirani yangu Baba Achieng' alikuwa anafagia uwanja wote kwa tumbo, anaokota kila ganda na kulitia mdomoni. Wetu ukimweka hapa, unamkuta hapa hapa, kama gunia la mahindi. Anacheka, anakula, shavu limejaa, lakini hasogei.

Nikaingiwa na wasiwasi. Nikamtuma mtu aliyekuwa anaenda nyumbani amwambie mama kwamba mtoto hana nguvu miguuni. Ujumbe ukifika kijijini huwa umeongezwa chumvi. Kwa mama ulifika kwamba mjukuu wake amelemaa. Wengine huko wakasema ni mkono wa mtu, wengine wakasema ni hewa ya Nairobi. Mama hakungoja kusikia zaidi. Alipanda basi aje amchukue Kageha na mama yake, awarudishe nyumbani, kwa mwanamke mmoja mzee aliyejua kukanda miguu.

Hapo ndipo uone mzigo niliokuwa nao. Wanaume wengi niliofanya nao kazi walikuwa na wake nyumbani, wanawaona Krismasi. Sisemi ni vibaya, kila mtu na mambo yake. Lakini baba yangu mimi alifanya kazi mbali namna hiyo hiyo, na mimi nilimjua kama mgeni anayekuja na mkate Desemba. Akinyoosha mkono kunishika, nilikuwa najificha nyuma ya mama. Nilipooa niliapa mtoto wangu hatanijua hivyo. Rasoa naye alikuwa ameanza kuuza mboga zetu za kienyeji pale sokoni, wateja wamemzoea. Mtoto akienda kukandwa miguu, mama yake anaenda naye, na mwanamke akisharudi nyumbani, kuna kupanda, kuna kupalilia, hakuna atakayemrudisha upesi. Nilijua hivyo. Rasoa alijua hivyo.

Basi mama akapita kwa ubavu, akafika kwenye kiti cha watu watatu, akakaa ukingoni kama mtu anayeogopa kukichafua. Nilingoja asifu viti. Hakusema neno juu ya viti. Aliomba mtoto. Akampakata, akamvua nguo, akampaka mafuta, akaanza kumkunja magoti na kuyanyoosha, anakanda nyonga, anasukuma nyayo kwa kiganja. Kageha akamsukuma na yeye, teke la nguvu, nusura kikombe cha chai kimwagike.

Mama akasema, "Huyu hana kasoro yoyote." Kisha akainua macho akaniuliza, "Mtoto huyu anatambaa wapi?"

Nikamwambia, kitandani.

"Kitandani watu hulala. Nakuuliza anatambaa wapi."

Nikatazama chini, sikuona sakafu. Kati ya meza na miguu ya viti palibaki njia nyembamba ya mtu mmoja, na mwisho wa hiyo njia ndipo penye jiko la makaa na debe la maji. Huko ndiko Rasoa alikokuwa anapika. Mtoto wa ploti ya pili alikuwa ameungua mkono kwa jiko muda si mrefu, kwa hivyo Rasoa hakuthubutu kumweka Kageha chini. Ilikuwa ni mgongoni, kitandani akizungushiwa mito, au kwenye kiti cha watu wawili akifungwa na leso asianguke.

Mama akamweka chini kwenye ile njia. Kageha akainama mbele, paji la uso likagonga ukingo wa meza, akalia. Mama akamwinua, akasema hapa hata kuku aliyekuja naye hawezi kugeuka.

Nikajitetea. Nilimweleza habari ya wateja, kwamba hivi viti ndivyo vinavyotulisha. Alisikiliza mpaka nikamaliza, mama yangu hakuwa mtu wa kukatiza. Akauliza, "Mteja huja lini?"

Nikasema, wengi mwisho wa mwezi.

"Na mtoto huja lini?"

Rasoa aligeukia jiko, nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mama hakucheka. Aliniambia maharagwe yake yanangoja palizi, Jumamosi ijayo anarudi. Kama atakuwa amemwona mtoto anatambaa, atarudi peke yake na moyo mweupe. Kama hajamwona, atarudi naye pamoja na mama yake, wakatambae kwenye uwanja wenye nafasi. Na nisimletee maneno ya kiume hapo, maana yeye alinizaa.

Nilitoka nikaenda kibandani nikapiga randa mpaka jioni, kazi ambayo haikuwa na haraka. Nilikuwa na hasira. Niliona mama amekuja kunidharau katika nyumba yangu mwenyewe. Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda kanisani, tukarudi, viti viko pale pale. Jumatatu asubuhi nikiwa navaa viatu, Rasoa akaketi kando yangu kitandani. Yeye hakuwa msemaji. Miezi yote ile hakuwahi kulalamika juu ya viti, vitambaa alifuma mwenyewe. Akaniambia, "Baba Kageha, mimi sitaki kwenda. Lakini mama akinishika mkono Jumamosi, sitakuwa na la kumjibu. Nijibie wewe." Akainuka akaenda kuwasha jiko.

Mwanangu, mke wako akikuomba kitu kwa sauti ya chini namna hiyo, usimwache aombe mara ya pili.

Nilivua viatu nikaanza kutoa viti. Sasa wewe unajua pale plotini ukiona viti vya mtu viko nje asubuhi ni nini. Ni kwamba amefungiwa nyumba kwa deni la kodi, kufuli limewekwa. Baba Achieng' alitoka na mswaki mdomoni, akasimama, akatema povu kando, akaja polepole kwa heshima kama mtu anayekuja matangani.

"Fundi," akaniambia, "usione haya. Hata mimi yalinipata kule Kibera. Lete hivyo viwili kwangu nikutunzie. Nitavikalia tu ili visikae bure."

Nikamwambia sijafungiwa, natoa ili mtoto apate kutambaa. Akanitazama. Akamwita mke wake aje asikie. Mpaka nimetoa kabati, ploti nzima ilikuwa imesimama mlangoni, wengine wanasema nimegombana na mama yangu, wengine wanasema ni dini mpya. Mwenye ploti mwenyewe akaja mbio, akidhani nahama kimyakimya. Na kama vile haitoshi, mwalimu mmoja aliyekuwa amesema atakuja kuagiza seti akatokea wakati huo huo, akakuta kuku wa mama amepanda juu ya velveti nyekundu. Aliniamkia vizuri, akasema atarudi. Hakurudi. Alinunua kwa fundi mwingine, nilikuja kuviona viti vyake, kazi mbovu.

Viti nikavipeleka kibandani nikavifunika na karatasi ya nailoni. Jiko tukalitoa nje chini ya ukuta, Rasoa akawa anapikia hapo. Maji nikayainulia juu ya kibao. Ndani tukaacha stuli moja ya mama kukalia. Mama akafagia, akanyunyiza maji, akapigilia udongo kwa mguu mpaka ukashikana, akatandika magunia. Kisha akamweka Kageha katikati.

Kageha akakaa. Alikaa Jumatatu, akakaa Jumanne. Alizungusha macho kwenye nafasi ile yote kama mtu aliyeshushwa mahali asipopajua. Nikaanza kufikiri kwamba nimejidhalilisha mbele ya ploti bure, na mtoto kweli miguu haina nguvu. Nikamwambia mama hivyo. Akanijibu, "Huyo atatambaa kuelekea nini? Chini hakuna mtu. Nyote mmesimama."

Jumatano nikatoka kazini mapema. Sikunawa, nikaingia na maranda ya mbao kichwani, nikalala kwa tumbo juu ya magunia, mwanamume mzima, mlango wazi. Niliwasikia watoto wa nje wakiitana waje waone fundi amelala chini. Nikamwita Kageha. Akanitazama, akaegemea mikono, akasukuma, na akaenda nyuma. Nyuma kabisa, mwanangu. Kila nikimwita, anazidi kwenda nyuma, mpaka akapita chini ya pazia akaingia uvunguni, akaanza kulia huko gizani. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi niliudhika, niliona hata mtoto ananikimbia kama nilivyomkimbia baba yangu. Mama akasema hapana, wengi huanza hivyo, mikono imetangulia kupata nguvu, magoti yatafuata.

Alhamisi nikalala chini tena. Akarudi nyuma tena. Ijumaa vilevile, nusu saa nzima, mpaka kidevu kikaniuma. Nikaacha kumwita. Nikaweka kichwa chini kwenye gunia nikafumba macho, maana nilikuwa nimechoka. Nikasikia gunia linakwaruza. Likanyamaza, likakwaruza tena. Sikufungua macho. Kisha vidole vikaingia kwenye nywele zangu, vinavuta. Alikuwa amekuja kuchukua maranda.

Rasoa alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akaitua chini. Mama alikuwa kwenye stuli yake. Alingoja mtoto atie lile ganda la mbao mdomoni, akalitoa, akalitupa, akasema, "Haya. Kesho nitafutie kiti dirishani kwenye basi."

Akaenda peke yake, na kikapu kitupu. Kuku alituachia.

Viti havikurudi vyote. Mvua iliingia chini ya nailoni, kile cha watu watatu sponji ilivimba nikakibomoa nikatumia mbao kwa kazi nyingine. Vile vya mtu mmoja niliviuza. Cha watu wawili kilirudi nyumbani Kageha alipoanza kusimama, maana sasa alihitaji kitu cha kushikilia. Mwaka ule kazi ilipungua, si kidogo, na nililazimika kufanya vibarua vya kupiga dari. Sikufa. Baadaye nikajenga kibanda chenye paa la maana, viti vya wateja vikakaa huko.

Sasa hiki ndicho ninachokuambia, wewe ambaye juzi umepata mtoto na unaniuliza televisheni ya ukubwa gani inafaa ukuta wako. Nunua. Mtu aliyetoka bila kitu ana haki ya kukalia kitu kizuri. Lakini kabla ya kupanga nyumba, piga goti uitazame kutoka chini, mahali mtoto alipo. Uone ni nini kitamgonga, ni nini kitamchoma, na kama kuna njia ya kukufikia. Halafu ulale hapo chini, umngoje. Usimwite sana. Majirani wacha waseme, wao hawatazeeka na huyo mtoto, wewe ndiye utazeeka naye. Na mzazi wako akija akikuuliza neno linalokuuma, usikimbilie kujibu, kwanza tazama anakoelekeza kidole.

Mungu akupe watoto wenye magoti machafu. Mkeo asikose sababu ya kubaki kwako. Na mgongo wako ubaki na nguvu ya kuinama na kuinuka, miaka mingi, mpaka wajukuu.