Simu ya Bi Amne Ililia Mara Tisa

Hapa Kiponda hakuna simu iliyoharibika ikampita fundi huyu. Skuli niliiacha darasa la tano, walimu wakapumua, lakini mkono huu umefufua simu zilizotolewa chooni. Kwa hivyo nikikwambia Wanu Makungu ni fundi kuliko mie, ujue nimetafuta namna ya kukataa nikakosa.

Binti huyu kasoma chuo kikuu Tunguu, anakaa na mamake juu ya duka langu, kazi yake kuandika programu za simu. Maji ya mtaa wetu hayana saa. Basi akafunga kidude kwenye bomba la Bi Zuleikha, ambalo ndio la mwanzo kupata maji. Yakitoka tu, simu zetu zinalia tukawashe pampu. Miezi minane kaishughulikia programu ile, na bila ya bomba lile haina kazi.

Jumatatu maji yakatoka. Simu ya Bi Zuleikha ikalia mara moja. Ya Bi Amne, jirani yake ukuta kwa ukuta, ikalia mara tisa. Bi Zuleikha alihesabu dirishani, kisha akaja dukani kwangu, Wanu yupo.

"Wanu."

"Naam. Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Bomba la nani lile?"

"Lako."

"Na simu ya nani inalia mara tisa?"

Wanu akaichukua simu yake kuitazama.

"Amne ana mtoto wa kiume hajaoa. Msinione mie mtoto."

"Bi Zuleikha," nkamwambia, "posa gani hiyo ya kengele tisa?"

Hakucheka. "Ijumaa nikirudi kusali, kidude chako nnakitoa."

Alipoondoka, na mie nikamtazama Wanu vidole, kama vina hina ya bi harusi.

"Hata wewe?" akaniuliza.

"Mie naangalia kucha tu."

Jumatano akasema ameshaitengeneza. Alkhamisi maji yakatoka, haikulia hata simu moja. Hapo ndipo mtaa mzima ulipoanza kunong'ona. Eti kasemwa, kakasirika, kazizima zote. Bi Amne nae akanuna, kwamba ile zamu yake ya mara tisa kanyang'anywa kwa fitina.

Jioni Wanu kashuka na kompyuta yake, macho mekundu. Nkamwambia anieleze mie, nikifahamu mie basi hata paka wa soko la Darajani atafahamu.

"Kila simu ina msikilizaji mmoja wa kudumu, anangoja habari ya maji," akasema. "Ukifungua ukurasa wa maji, kuangalia kama yametoka, anaongezeka mwengine. Ukiufunga, yule mwengine nilitakiwa nimuondoe. Nilisahau. Ukifungua tena, anakuja wa tatu, na wa pili bado kakaa."

"Kama wageni wasioaga."

"Ndio. Habari ikija, kila mmoja anaipiga kengele."

"Na leo?"

"Nilipowafukuza, niliwafukuza wote. Na yule wa kudumu."

Akakaa akaandika upya. Sasa kila ukurasa unamweka alama msikilizaji wake, ukifungwa unamuondoa huyo huyo, wa wengine haumgusi. Na ukimkuta keshaondoka, unanyamaza, programu isijizime. Akanipa simu niufungue na kuufunga ukurasa mara ishirini. Kazi hiyo niliifanya kwa ustadi mkubwa.

Ijumaa asubuhi tukakusanyika uani kwa Bi Zuleikha, kila mtu na simu yake, programu mpya ndani. Wanu akamimina jagi la maji kwenye kidude. Simu zikalia. Mara moja tu kila simu, zikanyamaza. Bi Zuleikha aliinamisha kichwa akangoja ya Bi Amne ilie tena. Haikulia.

"Sasa ile tisa ilikuwa nini?" akauliza.

Wanu alimtazama Bi Amne kwanza. "Mmoja wa kudumu. Na waliobaki, kila ukurasa ulipofunguliwa."

"Yaani kaufungua mara nane?"

"Nilikuwa naangalia," Bi Amne akasema taratibu, "maana pampu yako naisikia kabla ya simu yangu kulia."

"Na mie yangu ililia mara moja kwa sababu sijaufungua hata siku moja."

"Ndio, Bi Zuleikha," akajibu Wanu.

Bi Zuleikha akakigusa kile kidude kwa kidole, akakifuta maji kwa ncha ya kanga.

"Kibaki. Na wewe Amne, dirisha langu utalikuta wazi, uniangalie bila ya kuchosha simu." Kisha akanigeukia mie. "Na yako fundi, ilikuwa inalia mara ngapi?"

"Yangu mbovu," nkamwambia.

Wanu anajua. Ilikuwa inalia mara kumi na nne.